LUGHA YA KUOMBA MASOMO NG'AMBO: MFANO WA KISUMU NA MWAMBAO WA ZIWA VICTORIA

1. Utangulizi

Mtu anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha nchi ya mbali hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kazi ya makaratasi: kukusanya vyeti, kujaza fomu, kutafuta pasipoti na kupata nauli. Ya pili ni kazi ya lugha. Hana budi kujieleza kwa watu wasiomjua, kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwao. Kisha, jibu lifikapo, hana budi kuwaeleza jamaa zake maana ya jibu hilo kwa lugha wanayoifahamu, kwa kuwa aghalabu wao ndio watakaouza ng'ombe ili asafiri. Wanahistoria wameieleza kazi ya kwanza kwa marefu na mapana. Ya pili inawahusu zaidi wanalugha, nayo ndiyo inayochunguzwa katika makala haya.

Mfano unaotumiwa ni wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Sehemu hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka ya kukaribia uhuru ilitoa viongozi wawili, Tom Mboya na Oginga Odinga, ambao kila mmoja aliwafungulia vijana mlango wa masomo ya ng'ambo, mmoja upande wa magharibi na mwingine upande wa mashariki. Pili, ni sehemu ambamo lugha tatu hukutana katika shughuli hii moja: Kijaluo, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, ndicho cha nyumbani, Kiswahili ni cha mjini, gatini na sokoni, na Kiingereza ni cha barua na vyeti. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pengo baina ya lugha hizi tatu si jambo dogo la tafsiri. Limewahi kuwafikisha watu wanakotaka, na limewahi kuwapotezea wengine mali na matumaini.

2. Historia kwa muhtasari

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, na shule ya Maseno ikaanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1906. Kwa muda mrefu baada ya hapo njia ya elimu ya juu kwa kijana wa mwambao huu ilipitia Maseno au shule nyingine ya misheni, kisha Makerere nchini Uganda, na kwa wachache sana ikaendelea hadi Uingereza. Mwanahistoria Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, alifuata njia hiyo: Maseno, Makerere, kisha Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi. Mwandishi Grace Ogot alijifunza uuguzi Mengo, Kampala, kabla ya kwenda kuendelea na mafunzo hayo London katika miaka ya 1950. Katika njia hii mwombaji hakulazimika kujieleza sana. Shule ilimjua, misheni ilimjua, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyochagua nani aende na akasomee nini.

Hali ilibadilika mwaka 1959. Tom Mboya, ambaye asili ya wazazi wake ni kisiwa cha Rusinga na ambaye alizikwa huko mwaka 1969, alikuwa amesoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, 1955-56. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuviomba vyuo nafasi kwa ajili ya vijana wa Kenya. Akishirikiana na mfanyabiashara William Scheinman na wengine waliounda African American Students Foundation, alifaulu kukodi ndege iliyowachukua wanafunzi 81 hadi New York mwezi wa Septemba mwaka huo. Mwaka uliofuata Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya nauli. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walikuwa wamesaidiwa kwa mpango huo.

Oginga Odinga, aliyewahi kuwa mwalimu Maseno na mwasisi wa shirika la biashara la Luo Thrift and Trading Corporation, alielekea upande mwingine. Mwaka 1960 alizuru nchi za Ulaya ya Mashariki na Uchina, na kuanzia hapo vijana wengi walipata nafasi katika Urusi, Ujerumani ya Mashariki na nchi nyinginezo za kambi hiyo. Baadhi yao walisafiri kwa nchi kavu kupitia Uganda na Sudan hadi Kairo, ambako palikuwa na ofisi ya wazalendo wa Kenya, ndipo wakaendelea na safari.

Mabadiliko haya yalikuwa ya kisiasa, lakini yalikuwa ya kilugha pia. Kwa mara ya kwanza kijana wa kawaida wa Alego, Seme, Nyakach au Karachuonyo aliweza kuandika barua yake mwenyewe kwenda chuo asichowahi kukiona, akangoja jibu katika sanduku la posta. Mzigo wa kueleza, ambao hapo awali ulibebwa na shule na misheni, sasa ulimwangukia yeye.

3. Majina ya mahali pa kwendea

Kabla ya kuichunguza barua yenyewe, yafaa kuyatazama majina ambayo wasemaji wa Kiswahili hulipa lile eneo linaloendewa, kwa sababu kila jina lina mtazamo wake.

Neno *ng'ambo* lina maana ya upande wa pili wa maji. Huko Unguja, Ng'ambo ni mtaa uliokuwa upande wa pili wa hori, si mbali hata kidogo. Anayesema kwamba fulani yuko ng'ambo anamfikiria kama mtu aliyevuka. Na aliyevuka anaweza kuvuka tena kurudi. Kijaluo kina dhana iliyo sawa na hii katika neno *loka*, yaani upande wa pili wa mto au wa ziwa. Kwa watu ambao tangu zamani wamevuka ghuba kwa mitumbwi na kurejea jioni, ng'ambo ni mahali pa kwenda na kurudi.

*Ulaya* ni neno lenye asili ya Kiarabu, *wilaya*, lililomaanisha jimbo au utawala. Mtazamo wake ni wa mamlaka: Ulaya ndiko atokako mtawala. Ndiyo maana katika usemi wa zamani bidhaa bora iliitwa ya Ulaya hata ikiwa imetoka Amerika au Bara Hindi.

*Majuu* ni neno la vijana wa mijini nchini Kenya, nalo limeenea sana. Mtazamo wake ni wa kimo. Aendaye majuu anapanda, na kwa hiyo anayerudi bila ya mali au shahada huonekana kana kwamba ameanguka.

*Ughaibuni*, kutoka Kiarabu *ghaib*, linahusu kutoonekana. Hili ni neno la waliobaki nyumbani. Linamtazama msafiri kama pengo katika mji wake.

Tofauti hizi si za mapambo. Mzee anayeuza fahali ili mwanawe aende ng'ambo anatarajia kurudi. Anayeambiwa kwamba mwanawe anakwenda majuu anatarajia faida. Mwalimu wa lugha anayewaandaa wanafunzi wa kusafiri angefanya vyema kuwaonyesha ahadi iliyofichika ndani ya kila neno, wapate kujua ni ahadi gani wanayoitoa wanapoaga.

4. Kukubaliwa, kufadhiliwa na kudhaminiwa

Jibu la chuo linapofika, habari inayoenea kijijini huwa ni moja tu: "Ameitwa Marekani." Kitenzi *kuitwa* kinafahamika vizuri. Chifu humwita mtu, na mahakama humwita shahidi. Kwa kawaida aitaye ndiye mwenye shughuli, na mgeni aliyeitwa harusini hajilipii chakula. Kwa hiyo usemi huu hudokeza kwamba chuo kimejitwika gharama zote. Barua yenyewe haisemi hivyo. Barua ya chuo inaweza kuwa na habari nne tofauti: kwamba mwombaji amekubaliwa, kwamba atasamehewa karo, yote au sehemu, kwamba atapewa malazi na chakula, na kwamba atalipiwa nauli. Aghalabu huwa na ile ya kwanza tu, au ya kwanza na sehemu ya pili.

Historia ya mwaka 1959 yenyewe ni ushahidi wa umuhimu wa tofauti hii. Wengi wa wanafunzi wale 81 walikuwa tayari wamekubaliwa na vyuo, na wengi walikuwa wameahidiwa msaada wa karo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Ndege ya kukodi ilihitajika kwa sababu *kukubaliwa* si *kusafirishwa*. Palepale jamii zilizokutana katika vikao vya chai na michango ili kumnunulia kijana koti na sanduku na kumpatia fedha za kuanzia maisha zilikuwa zikiziba sehemu ambazo barua haikuzitaja.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitenga habari hizi, ila hayatumiwi kwa uangalifu. Maneno mawili yanastahili kuchunguzwa: *ufadhili* na *udhamini*. La kwanza linatokana na *fadhila*, yaani wema usiodaiwa. Mfadhili hutoa wala harudishiwi. La pili linatokana na *dhamana*, nalo ni neno la mahakama na la mikopo: mdhamini ni mtu anayejifunga kwamba mwingine akishindwa, yeye atawajibika. Katika magazeti na matangazo ya Kiswahili maneno haya hutumiwa kana kwamba ni sawa, hata nafasi ya masomo isiyolipwa ikaitwa ufadhili mara moja na udhamini mara nyingine. Lakini mwanafunzi anayeomba viza hutakiwa kuonyesha mtu atakayewajibika kwa matumizi yake, na mtu huyo ni mdhamini kwa maana halisi ya neno. Mjomba anayetia sahihi karatasi hiyo akidhani anashuhudia tu ufadhili wa chuo amejifunga pasipo kujua.

Kwamba hatari hii si ya zamani tu kumedhihirishwa na mambo yaliyotokea katika Bonde la Ufa. Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na mpango wa kuwapeleka wanafunzi katika vyuo vya Finland na Kanada. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakilalamika kwamba fedha walizolipa kupitia mpango huo hazikuwafikisha watoto wao walikotarajia, na shauri likafikishwa mahakamani. Hukumu ya shauri ni kazi ya mahakama. Linalomhusu mwanalugha ni jina. Mpango ule ulitajwa na watu na magazeti kwa neno lile lile la Kiingereza lililotumiwa kwa ndege za Mboya. Mwaka 1959 neno hilo lilimaanisha nauli iliyolipwa na wengine kwa mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa. Katika mpango wa Uasin Gishu mzazi ndiye aliyelipa. Yumkini kumbukumbu njema ya neno iliwazuia wengine kuuliza maswali ambayo neno jipya lingewafanya waulize.

5. Barua ya maombi na sanaa ya kujisifu

Kitenzi *kuomba* katika Kiswahili kina uwanja mpana. Muumini huomba Mungu, maskini huomba sadaka, mfanyakazi huomba ruhusa, na mwanafunzi huomba nafasi. Kijaluo huvitenga baadhi ya vitendo hivi: *lamo* ni kusali, na *kwayo* ni kumtaka mtu akupe kitu. Kwa sababu Kiswahili kimeviunganisha, mwandishi wa barua ya *maombi* huelekea kuiga lugha ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Mtindo huo ulitiwa nguvu na ofisi za kikoloni, ambamo barua zilianza kwa heshima na taadhima na kumalizikia kwa mtumishi mtiifu. Mwombaji aliyezoea mtindo huo husimulia umaskini wake, kifo cha baba yake na wingi wa ndugu zake, kisha huomba ahurumiwe.

Vyuo vingi vya Marekani na Uingereza havitafuti hilo kwanza. Maelezo binafsi yanayoambatanishwa na fomu hutakiwa kuonyesha uwezo, nia na sababu ya kuchagua somo fulani mahali fulani. Hapo walimu wengi hueleza kwamba Mwafrika hakulelewa kujisifu, na kwa hiyo aina hii ya maandishi ni ngeni kwake. Kwa watu wa mwambao wa ziwa, maelezo hayo si sahihi.

Wajaluo wana sanaa iitwayo *pakruok*. Katika hafla ambapo nyatiti, kinanda cha nyuzi nane, hupigwa, mtu anaweza kumtuza mpigaji ili anyamaze, kisha akasimama na kujisifu: akataja ukoo wake, wakwe zake, rafiki zake, ushujaa wake na utani wake. Hadhira humsikiliza, humshangilia au humcheka. Fasihi simulizi ya Kiswahili nayo ina *majigambo*. Basi kujisifu si kugeni. Kilicho kigeni ni masharti ya kujisifu kwenyewe, na masharti hayo yanaweza kuelezwa waziwazi.

Tofauti ya kwanza ni ya mashahidi. Katika pakruok hadhira inamjua msemaji. Akidai kuwa na ng'ombe mia na hana hata mmoja, kicheko kitamrudi. Chumvi inaruhusiwa kwa sababu ukweli unajulikana na wote. Msomaji wa barua aliye Chicago au Leeds hamjui mwombaji, na kwa hiyo kila sifa inahitaji ushahidi ndani ya maandishi yenyewe. Tofauti ya pili ni ya mhusika. Katika pakruok mtu hujisifu kwa njia ya watu wake: ni mwana wa fulani, mkwe wa fulani, rafiki wa fulani. Maelezo binafsi hudai nafsi ya pekee, kile alichokifanya yeye. Tofauti ya tatu ni ya wakati. Pakruok husifu hali iliyopo, ilhali maelezo binafsi huunganisha yaliyopita na yatakayofanywa.

Kwa kufuata tofauti hizi mwalimu anaweza kumtoa mwanafunzi hatua kwa hatua kutoka anakokujua hadi asikokujua. Mathalani, mwanafunzi anaweza kuanza kwa kujigamba kwa mdomo: "Mimi ndimi fahali wa Seme, boma halinizuii." Kisha ataulizwa: boma gani, na ulilivuka lini? Akijibu kwamba shule yake haikuwa na maabara, na kwamba alikuwa akitembea kila Jumamosi kwenda shule ya jirani kufanya majaribio ya kemia, hapo sifa imepata ushahidi. Mwisho ataulizwa: ukivuka boma la pili, utafanya nini huko? Jibu la swali hilo ndilo shina la maelezo yake. Hakuna lililotupwa katika safari hii. Fahali bado yumo, ila sasa anaonekana kwa nyayo zake.

6. Mshenga wa karatasi

Karatasi nyingine inayowatatiza waombaji ni ile inayoandikwa na mtu mwingine kumhusu mwombaji. Kiswahili hakijatulia juu ya jina lake. Huitwa barua ya pendekezo, ya ushuhuda, ya utambulisho au ya sifa. Kila jina lina kasoro. *Utambulisho* unatosha kwa mgeni afikaye mlangoni, lakini hausemi kitu juu ya uwezo wake. *Sifa* huelekeza kwenye kusifu tu. *Ushuhuda* unakaribia zaidi, kwa kuwa shahidi husema alichokiona, kizuri na kibaya.

Utamaduni wa sehemu hii una mfano unaofaa kufundishia. Katika posa ya Kijaluo yupo *jagam*, na katika posa ya Waswahili yupo *mshenga*. Kazi yake ni kusimama baina ya nyumba mbili zisizojuana na kusema kwa niaba ya moja mbele ya nyingine. Heshima yake yote inategemea kuaminika kwake: akificha ila kubwa, nyumba ya pili haitampokea tena. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi wake barua yuko katika nafasi hiyo hiyo. Anayejaza ukurasa kwa maneno ya jumla, kwamba kijana ni mtiifu, mchapakazi na mcha Mungu, hajamsaidia, kwa kuwa barua za namna hiyo ni nyingi na hazitofautiani. Anayesema alimwona kijana akifanya jambo fulani, kwa namna fulani, na kwamba katika jambo jingine bado anahitaji kuongozwa, huyo ameaminika.

Historia ya Barack Obama mzee inaonyesha nguvu ya mshenga wa namna hii. Yeye, aliyekulia Karachuonyo na Alego, hakumaliza masomo yake Maseno, na kwa hiyo vyeti vyake peke yake visingemfikisha mbali. Huko Nairobi alifanya kazi chini ya Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akisimamia elimu ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Katika kazi hiyo Obama aliandika vitabu vidogo vya Kijaluo viitwavyo *Otieno Jarieko*, yaani Otieno Mwerevu, vilivyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1959. Mwaka huo huo alikubaliwa na Chuo Kikuu cha Hawaii, akasafiri kwa msaada wa Mooney na Mmarekani mwingine, si kwa ndege ile ya Septemba. Wanalugha wana sababu ya kulikumbuka tukio hili. Mooney hakuwa akishuhudia tabia njema tu, bali kazi aliyoiona kwa macho, na kazi hiyo ilikuwa ya lugha ya nyumbani.

7. Maandalizi ya lugha

Kwa waliokwenda Marekani, Kiingereza cha shule kilihesabiwa kuwa kinatosha, na mtihani maalumu wa Kiingereza kwa wageni uitwao TOEFL haukuanza mpaka mwaka 1964. Kwa waliokwenda mashariki hali ilikuwa tofauti kabisa. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kiliwapa wanafunzi mafunzo ya Kirusi kabla ya kuwaingiza katika masomo ya shahada. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na Herder-Institut mjini Leipzig, ambako Raila Odinga, mwana wa Oginga Odinga, alijifunza Kijerumani kabla ya kusomea uhandisi Magdeburg. Hivyo mwanafunzi wa mashariki alijiandaa kilugha baada ya kufika, na yule wa magharibi alidhaniwa amekwisha kujiandaa kabla ya kuondoka.

Matokeo ya tofauti hii yalionekana waliporudi. Daktari aliyesomea Moscow na mwenzake aliyesomea Ohio walikuwa na taaluma moja lakini istilahi zao zilikuwa za lugha mbili zisizokutana. Baada ya Oginga Odinga kujiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, shahada za mashariki zilitiliwa shaka pia kwa sababu za kisiasa. Mjini Kisumu kumbukumbu ya uhusiano huo imebaki katika jina la mahali: hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, na ambayo ufunguzi wake mwaka 1969 ulifuatwa na umwagaji wa damu, wenyeji bado huiita Rasha, ingawa leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Kiswahili kingaliweza kuwa uwanja wa kukutania kwa wataalamu hao, lakini hakikuwa kimeandaliwa kwa kazi hiyo, na wengi wao walirejea Kiingereza. Hali hiyo imeanza kugeuka kwa njia ambayo haikutazamiwa mwaka 1959. Kiswahili sasa hufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya, na upo mpango wa Fulbright ambao huwachukua vijana wa Kenya kwa mwaka mmoja wa masomo ili wasaidie kukifundisha katika vyuo vya Marekani. Mhitimu wa Maseno, chuo kikuu kamili tangu mwaka 2001, anaweza leo kuomba nafasi ya ng'ambo kwa sababu ya Kiswahili chake, wala si licha yake. Lugha iliyokuwa ya kuelezea barua nyumbani imekuwa hoja ndani ya barua yenyewe.

8. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu mambo matatu yanapendekezwa kwa idara za lugha, hasa zile zilizo karibu na jamii zinazopeleka vijana wao ng'ambo.

La kwanza ni kuimarisha istilahi chache na kuzitumia bila ya kuzichanganya. *Barua ya kukubaliwa* itumiwe kwa nafasi peke yake. *Ufadhili kamili* na *ufadhili wa sehemu* zitumiwe kwa msaada usiorudishwa, na sehemu inayolipwa itajwe. *Udhamini* ubaki kwa anayewajibika kisheria au kifedha. *Mkopo* uitwe mkopo. *Barua ya ushuhuda* itumiwe kwa karatasi ya mshenga. Maneno haya yote yamo katika lugha tayari. Linalohitajika ni nidhamu.

La pili ni kufundisha maandishi ya maombi kama tanzu, kwa kuyalinganisha na tanzu ambazo wanafunzi wanazijua: majigambo, pakruok na lugha ya posa. Anayefundishwa kwa njia hiyo hataona kwamba anaacha adabu yake nyumbani ili akubaliwe na wageni.

La tatu ndilo zito zaidi. Barua ya chuo ni mkataba unaowahusu watu wengi kuliko yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya bahasha. Baba anayeuza shamba, shangazi anayetoa akiba ya biashara yake ya samaki, na chama cha ukoo kinachochanga, wote wana haki ya kusomewa barua hiyo sentensi kwa sentensi katika lugha yao, kabla fedha hazijatoka mikononi mwao. Kazi hiyo isiachiwe wakala anayefaidika na safari, wala kijana mwenyewe ambaye furaha imemzidi. Ni kazi ya mtu ajuaye lugha zote mbili na asiye na maslahi katika jibu. Watu wa namna hiyo wamo katika kila idara ya lugha, na saa moja ya kazi yao yaweza kuokoa mali ya miaka mingi.